Somo: Kuzalisha sakulenti nyumbani katika hewa ya pwani ya Tanga

Sakulenti ni mimea inayohifadhi maji katika majani, shina au mizizi yake, na katika nyumba za Tanga wengi tunayo bila kuiita kwa jina hilo: alovera mlangoni, mpungate uani, mnyaa uliopandwa kuwa wigo, sansiviera yenye majani marefu yaliyosimama kama panga ndani ya kopo barazani. Hata mkonge ni wa kundi hili. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Ujerumani, na vilivyofika pwani yetu vikiwa hai vilikuwa 62 tu, navyo vikawa mwanzo wa kilimo cha mkonge nchini. Kilichoviwezesha hivyo vichache kuvumilia safari ndefu bila ardhi ni akiba ya maji iliyokuwamo ndani yake, na akiba hiyo hiyo ndiyo tutakayoitegemea katika somo hili.

Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa watu wa nchi kavu au za baridi, ambako kipande kilichokatwa kwenye mmea ili kioteshwe huwa katika hatari ya kunyauka. Kwetu hali ni kinyume chake. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo kipande hakifi kwa kiu bali kwa kuoza, na karibu kila hatua nitakayoieleza inalenga kukikinga na maji mpaka kiwe na mizizi ya kuyatumia.

Hatua ya kwanza: kuchagua wakati

Wakati mzuri kuliko wote ni kipupwe, yaani kuanzia Juni hadi Septemba, mvua za masika zikiwa zimekwisha na jua halijawa kali. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, inawezekana pia, ila vipande viwekwe mbali zaidi na jua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ningeshauri mtu asikate chochote isipokuwa anaokoa mmea ulioanza kuoza, kwa kuwa jeraha halikauki vizuri hata ndani ya nyumba.

Hatua ya pili: udongo na chombo

Changanya sehemu mbili za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, sehemu moja ya udongo wa bustani uliochekechwa, na sehemu moja ya mkaa uliopondwa hadi kufikia ukubwa wa punje za mahindi. Mchanga wa ufukweni usitumike, kwa kuwa una chumvi, na chumvi huunguza mizizi michanga. Vumbi la makumbi ya nazi, ambalo wengi tunalipenda kwa kuwa linapatikana bure, hushika maji kwa muda mrefu. Linafaa miche ya mboga, si vipande hivi. Samadi isubiri mpaka mmea uwe umeshika. Chombo chochote kinafaa mradi kiwe na matundu chini, lakini chungu cha udongo ni bora kuliko ndoo ya plastiki kwa sababu kuta zake hupitisha unyevu.

Hatua ya tatu: kukata na kukausha

Hapa ndipo ninapoomba subira ya kila msomaji. Tumia kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, ukate mara moja bila kukereza. Echeveria na jamaa zake wenye majani yaliyopangika kama ua huzalishwa kwa jani: lishike karibu na shina, ulisukume taratibu kushoto na kulia mpaka liachie lenyewe likiwa zima hadi kitako chake, kwa sababu chipukizi jipya hutokea hapo kitakoni, na jani lililokatika katikati halitatoa mche. Krasula, yenye majani manene na shina kama la mti mdogo, na mnyaa hukatwa tawi lenye urefu wa kiganja. Mpungate hukatwa pale bapa moja linapoungana na jingine, ukilishika kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa, maana vimwiba vyake vidogo visivyoonekana husumbua zaidi kuliko miiba mikubwa. Sansiviera hukatwa vipande vya urefu wa kidole, na kila kimoja kiwekwe alama ya upande uliokuwa chini, kwani kikipandwa kichwa chini hakioti.

Vipande vyote vilazwe juu ya gazeti au ungo, kivulini, mahali penye upepo. Majani ya echeveria yanahitaji siku mbili hadi nne, matawi wiki moja, na mapande manene ya mpungate hadi wiki mbili. Kipimo cha kweli si kalenda bali kidole: gusa jeraha, na likiwa limefanya gamba gumu lisiloshika unyevu, kipande kiko tayari. Ubichi ukiwapo bado, kiache.

Hatua ya nne: kupanda

Majani hulazwa juu ya udongo tu, bila kufukiwa. Matawi na mapande huchomekwa kiasi cha kusimama. Weka chombo barazani au chini ya dirisha linalopata jua la asubuhi, mbali na matone ya paa. Ushauri wa kutafuta dirisha linaloelekea kusini ni wa nchi za kaskazini; Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta na jua letu hupita karibu na utosi, kwa hiyo kinachohitaji kukingwa ni jua la saa sita hadi saa tisa mchana.

Hatua ya tano: maji

Usimwagilie mpaka mizizi ionekane, au tawi likatae kung'oka ukilivuta kidogo. Sakulenti nyingi hufunga vitundu vya majani mchana na kuvifungua usiku, hivyo hupoteza maji machache na zinaweza kukaa wiki kadhaa bila mizizi. Baada ya hapo mimina maji mpaka yatoke chini, kisha ungoje. Chomeka njiti ya chelewa hadi chini ya chungu. Ikitoka na udongo uliogandamana nayo, bado usimwagilie. Wenye visima vya maji ya chumvi wakinge maji ya mvua.

Maswali ya wasomaji

Kutoka Makorora: Shikamoo mwalimu. Jani langu limetoa mizizi mirefu lakini halijatoa mche. Je, nilitupe?

Marahaba, mwanangu. Maadamu jani ni gumu na halijasinyaa, liache, ufukie mizizi kwa mchanga mwembamba na ulipe maji kidogo. Mengine huchelewa miezi. Likiwa kitako kilibaki kwenye shina, litaishi kwa mizizi na halitachipua kamwe.

Kutoka Chumbageni: Mwalimu, nilipanda jani la alovera nikifuata hatua zote, likaoza.

Alovera haioti kwa jani, dada yangu, hata likikaushwa vizuri namna gani. Subiri vitoto vinavyotokea kando ya mama. Kitoto kikiwa na majani manne hivi na mizizi yake mwenyewe, kitenganishe kwa kisu, ukikaushe siku mbili, ndipo ukipande.

Kutoka Raskazoni: Sansiviera yangu ina kingo za njano, lakini miche iliyotokana na vipande ni ya kijani kitupu. Kwa nini?

Kwa sababu rangi ya njano imo katika tabaka fulani la chembe hai (seli) za jani, na chipukizi jipya huanzia katika chembe zisizobeba rangi hiyo. Ukitaka kingo zibaki, fukua mmea na ugawe shina lake la chini ya ardhi, kila gawio likiwa na majani na mizizi.

Kutoka Pongwe: Utomvu wa mnyaa umemrukia mtoto jichoni. Tufanye nini?

Lioshe jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, na mpelekeni hospitali leo hii, hata kama ameacha kulia. Utomvu ule unaweza kuumiza jicho vibaya. Anayekata mnyaa avae glavu na miwani, na watoto wakae mbali.

Kutoka Muheza: Je, urujuani wa Usambara nao huzalishwa hivi?

Kwa jani, ndiyo, lakini karibu kila kitu kingine hugeuka. Huo si sakulenti. Ni ua la misitu yenye ukungu ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya mwaka 1892. Kata jani pamoja na kikonyo chake, ulichomeke siku hiyo hiyo bila kulikausha, kwenye udongo wenye unyevunyevu, kivulini kabisa. Nawaomba sana jani litoke katika chungu cha jirani na kamwe lisitoke katika msitu wa Amani huko Usambara, kwa kuwa aina kadhaa za ua hilo zimebaki katika maeneo madogo mno.