Kuzuia Sauti ya Chumba cha Pili: Kuta za Nyumba za Malindi

Ukuta wa mawe ya matumbawe hauzuii sauti ikiwa juu yake pako wazi. Katika nyumba nyingi za vyumba vya kupanga Malindi, kuta za ndani huishia kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, au futi chache juu yake, kisha paa moja likafunika vyumba vyote. Maneno ya jirani hayana haja ya kupenya jiwe: hupanda, huvuka juu ya ukuta, hushukia kwako. Kwa hiyo kazi ianzie juu, hata fundi akitaka kuanza na plasta.

Jambo hili linahesabika. Ukuta wa mita 3 kwa 3, wa mawe ya inchi 6 uliopigwa plasta pande zote, huzuia takriban desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukiwa na tundu la hewa la sentimita 30 kwa 30, yaani asilimia 1 tu ya eneo lake, uwezo huo hushuka hadi karibu desibeli 20, na mazungumzo ya kawaida yanasikika neno kwa neno. Kuunenepesha ukuta kabla ya kuliziba tundu hilo ni kutupa pesa.

Tafuta mianya usiku. Zima taa, mtu amulike tochi kutoka upande wa pili, nawe utie alama ya chaki kila unapoona mwanga. Pasipoonekana mwanga, pitisha chetezo cha ubani polepole. Moshi ukivutwa, hapo pana njia.

Kwa paa la mabati, pandisha ukuta hadi chini ya bati, lakini kwanza hakikisha umesimama juu ya msingi wake. Ikiwa umejengwa juu ya sakafu tu, usiuongezee mawe. Maliza sehemu ya juu kwa fremu ya mbao na vibao vya simiti pande zote mbili. Usijaze migongo ya bati kwa simiti. Bati hutanuka juani na kunywea usiku, na ufa utarudi baada ya wiki chache. Tia vipande vya mpira laini, kisha silikoni. Kwa makuti, kupandisha ukuta hakutoshi, kwa kuwa makuti yenyewe hupitisha sauti. Chumba hicho kinahitaji dari nzito iliyozibwa pembeni.

Sasa plasta. Mawe ya matumbawe yana vitundu vingi, na viungo vya wima mara nyingi hubaki vitupu kwa sababu fundi huweka udongo wa simiti chini ya jiwe tu. Jaza viungo hivyo kwanza. Kisha piga plasta ya milimita 15 pande zote, fungu 1 la simiti kwa 4 za mchanga. Kwa ukuta wetu wa mita 3 kwa 3, weka mifuko miwili na nusu ya kilo 50 na wilibaro tano za mchanga. Hapo umeongeza karibu nusu tani, na uzito ndio unaozuia sauti. Imwagilie plasta maji siku saba. Nyumba za kale za Lamu ni jambo jingine: kuta zake za mawe na chokaa ni nene na zinapumua, kwa hiyo zibaki na plasta ya chokaa. Simiti hufungia unyevu ndani, na baadaye plasta hubanduka.

Kama bado unasikia ngoma na besi, jenga ukuta wa pili usiogusa wa kwanza. Simamisha fremu ya mbao za inchi 2 kwa 3, kama futi 90 zilizotiwa dawa ya mchwa, milimita 25 kutoka ukutani. Nguzo ziachane sentimita 60. Fremu ishikwe sakafuni na juu tu, na chini yake utandike tyubu kuukuu ya gari. Jaza pamba ya mwamba (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ya milimita 50, kisha piga tabaka mbili za jipsamu ya milimita 12.5 inayostahimili unyevu, vibao vinane kwa jumla, viungo visilingane. Acha milimita 10 chini na uzibe kwa silikoni, la sivyo maji ya kupigia deki yatapanda ndani ya kibao.

Kosa kubwa ni kupiga jipsamu moja juu ya mbao nyembamba, ikabaki nafasi ya sentimita 2. Kibao na hewa hiyo hutikisika pamoja karibu na hezi 140, yaani mitikisiko 140 kwa sekunde, na besi hupita kwa urahisi kuliko awali. Tabaka mbili na nafasi ya sentimita 10, yaani zile milimita 25 pamoja na unene wa fremu, huteremsha mtikisiko huo hadi hezi 42 hivi. Kosa la pili ni skrubu au donge la simiti linalounganisha fremu na ukuta; moja tu huharibu sehemu kubwa ya kazi. Soketi za vyumba viwili zisipeane mgongo, zipishane angalau sentimita 60. Trei za mayai na sponji ya godoro hupunguza mwangwi wa ndani ya chumba tu, na sponji ikishika moto hutoa moshi wa sumu.

Mlango mwepesi wenye uwazi ndani utakuangusha vilevile. Weka wa mbao nzito na mpira pande zote, hata chini.

Hewa nayo lazima ipite, maana joto la Malindi halivumiliki katika chumba kilichozibwa. Tundu la hewa lijengewe kisanduku cha plaiwudi chenye urefu wa mita 1 na kona mbili, ndani kimetandikwa pamba ya mwamba ya milimita 50. Njia inayobaki baada ya kutandika isiwe ndogo kuliko tundu lenyewe. Weka wavu imara kwenye mdomo wa nje, na kifuniko kimoja kifungwe kwa skrubu, kwa sababu popo na panya hufika humo na utahitaji kufungua ili usafishe.