Muda wa mwisho wa kazi uandikwe kwa saa zetu

Kwa wakufunzi wenzangu mnaowahudumia wanafunzi wa masafa kupitia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni: mnapoweka muda wa mwisho wa kuwasilisha kazi, msiuache ule unaojazwa na mfumo wenyewe, kwa kuwa aghalabu huwa ni saa 00:00. Mfumo ukionesha «Jumanne, 00:00», maana yake ni usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, ilhali mwanafunzi aliyeko Chemba au Mpwapwa, anayesoma tangazo hilo kwenye simu baada ya kutoka kazini, huhesabu kwamba Jumanne yote ni yake. Muhula uliopita nilipokea kazi tatu nzuri kabisa zikiwa na maandishi mekundu ya kuchelewa, na kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naweka saa 20:00, kisha katika maelekezo naandika kwa maneno: «Mwisho ni Jumanne, saa mbili usiku.» Saa hiyo hata mimi niko macho na naweza kumjibu aliyekwama, jambo nisiloliahidi usiku wa manane. Aidha, Moodle hutenganisha muda wa mwisho na muda wa kufunga kabisa upokeaji. Huu wa pili nausogeza siku mbili mbele, ili umeme ukikatika au bando likiisha, kazi ipokelewe kama iliyochelewa badala ya kukataliwa. Maelekezo yenyewe yachapwe ukurasani, yasiwe picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, maana picha hula bando bure.