Kukabili Magugu na Wadudu katika Bustani Ndogo ya Mboga Mkoani Tabora

Kazi kubwa ya kuilinda bustani ya mboga hapa Tabora hufanyika Septemba na Oktoba, wakati udongo bado ni mkavu na mvua za Novemba hazijafika. Huo ndio wakati wa kupambana na ndago, gugu ninaloliogopa kuliko mengine yote. Ukiling'oa kwa mkono, majani hukatika na viazi vyake vidogo vyeusi hubaki chini, vimeungana kwa vijimizi vyembamba kama shanga kwenye uzi. Uzi ukikatika, kila kiazi huchipua peke yake. Niliwahi kupoteza tuta zima la mchicha kwa kupalilia hivyo. Chimba kwa jembe hadi kina cha sentimita 20 hivi, kung'uta mchanga, anika viazi hivyo juani kwa wiki mbili, kisha uvichome. Usivitie kamwe kwenye shimo la mboji.

Kishonanguo na mchicha pori hutosha kupaliliwa mapema, kabla ya kutoa mbegu. Gugu la kongwa lazima litolewe nje ya bustani, kwa maana shina lake likiachwa juu ya udongo wenye unyevu huota mizizi upya. Baada ya kupalilia, tandaza nyasi kavu kati ya mistari, ila uziweke mbali kidogo na mashina, kwa sababu mchwa wa huku huzifuata upesi.

Kwa upande wa wadudu, zoea kupita bustanini alfajiri. Ukikuta mche wa kabichi au nyanya umelala, shina limekatwa karibu na udongo kana kwamba kwa wembe, usikimbilie dawa. Fukua taratibu kwa kidole kuuzunguka mche huo, na mara nyingi utamkuta sota, kiwavi mnene wa rangi ya udongo, amejikunja kama pete. Muue hapo hapo, kwani usiku unaofuata atahamia mche wa jirani. Miche iliyosalia izungushie karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini.

Vidukari hujificha chini ya majani ya sukuma wiki na chainizi. Twanga viini vikavu vya mbegu za mwarobaini, loweka gramu 50 katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, kisha nyunyiza jioni, kwa kuwa jua hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Waache wale wadudu wa duara, wekundu wenye madoa meusi, maana chakula chao ni hao vidukari. Majani na matunda ya nyanya yaliyotobolewa na kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, yachume na kuyafukia kwa kina.

Jambo la mwisho linatuhusu sana sisi wa mkoa wa tumbaku. Wapo wanaoloweka majani ya tumbaku na kunyunyizia mboga. Nawasihi waache, kwani maji hayo ni sumu kali inayopenya hata kwenye ngozi, na yanaweza kuambukiza nyanya na pilipili ugonjwa wa virusi vya batobato, unaotia majani mabaka. Vilevile usipande nyanya palipotoka tumbaku. Mazao hayo ni ya ukoo mmoja, na minyoofundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni, iliyobaki kwenye udongo wa kichanga itaijaza mizizi ya nyanya vinundu. Panda kwanza karanga, na nyanya zifuate msimu mwingine.