Kabla ya Kununua Rivolva Ndogo ya Kujilinda, Anza na Kidole

Shangazi yangu ana duka la pembejeo na dawa za mifugo, si mbali na soko la Wakulima hapa Nakuru. Hufunga jioni, pesa za siku nzima zikiwa mkobani, na mwaka juzi alifuatwa na pikipiki mbili hadi karibu na lango la nyumbani. Hakuumizwa. Ila tangu siku ile akaanza kuulizia leseni ya bastola, na kila mtu katika ukoo akawa mtaalamu. Binamu yangu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Shangazi ni mtu mzima na mikono inamuuma. Mtafutieni kale ka .22. Hakana kelele, wala hakaruki mkononi."

Namba hiyo ni kipimo cha upana wa risasi, na .22 ni ndogo kuliko .32 na .38, kwa hiyo lilionekana neno la busara. Tulipompeleka kwenye uwanja wa shabaha, mkufunzi alichukua rivolva ndogo ya .22, akafungua silinda (lile gurudumu lenye vyumba vya risasi), akatuonyesha kwamba kila chumba kina ganda lililokwisha kutumika, akaifunga na kumwambia avute traiga taratibu. Kidole cha shahada kilifika nusu ya safari kikasimama. Ukucha ukawa mweupe, mtutu ukaanza kuelekea kushoto. Akaongeza kidole cha pili. "Mwanangu, hiki kitu kimekwama?"

Hakikuwa kimekwama. Risasi ya .22 haina fataki (kile kidonge cha kuwashia baruti) katikati ya kitako chake kama risasi kubwa. Kemikali ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, na nyundo lazima iuponde ukingo huo kwa nguvu ndipo moto uwake. Kwa hiyo watengenezaji huweka springi kali zaidi, na rivolva nyingi ndogo za .22 zina traiga ngumu kuliko ndugu zao za .38, ambazo nazo si laini: kilo tano hivi za kuvuta ni jambo la kawaida. Yule anayetafutiwa bastola nyepesi kwa sababu mikono yake ni dhaifu ndiye anayeweza kupewa traiga itakayomshinda. Kabla ya kuuliza risasi ipi ina nguvu, uliza kidole chako kama kinaweza kuvuta mara tano mfululizo bila mtutu kuyumba. Ukivuta mara moja tu dukani hujajaribu chochote.

Hata hivyo rivolva ilimfaa shangazi kuliko bastola ya magazini, ile yenye kibweta cha risasi kinachochomekwa mpinini. Ile ya magazini huvutwa sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie chumbani, na vidole vyenye baridi yabisi havishiki vizuri. Rivolva haidai hilo. Risasi ikigoma, unavuta traiga tena, silinda inazunguka na chumba kingine kinakuja mbele ya mtutu. Hii ni faida kubwa hasa kwa .22, kwa sababu risasi za ukingo hugoma mara nyingi zaidi kuliko zenye fataki katikati.

Sasa risasi zenyewe. Kichwa (sehemu inayotoka mtutuni) cha .22 LR, ile .22 ya kawaida iliyozaliwa Marekani mwaka 1887, kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Cha .32 S&W Long, ya mwaka 1896, ni gramu 6 na kidogo. Cha .38 Special ya kawaida kinafika gramu 10. Mtu asikudanganye kwamba .22 ni ya kuchezea: inaua, na imeua wengi. Kasoro yake ni nyingine. Kutoka kwenye mtutu wa inchi mbili haina nguvu ya kutegemewa kumsimamisha mtu anayekujia, na kufa saa tatu baadaye hakumsaidii aliyeshambuliwa. Kwa upande wake, inaruka kidogo mkononi, na silinda ndogo inaweza kubeba risasi nane pale ambapo .38 inabeba tano. Anayeweza kuivuta vizuri na kupiga alipolenga yuko salama kuliko mwenye .38 anayefumba macho kabla ya mlio.

Ile .32 napenda kuitaja kwa sababu husahauliwa. Ina fataki katikati, inaruka kwa upole, na silinda inayobeba .38 tano hubeba .32 sita. Tatizo lake ni upatikanaji. Usiulize muuzaji kama anazo leo. Muulize amekuwa nazo miezi mingapi katika mwaka uliopita. Bastola isiyo na risasi za mazoezi hugeuka chuma cha kufungiwa sandukuni.

Kwa watu wengi mimi naishia kwenye .38 Special, na hapo nasisitiza mambo mawili. Kwanza, uzito wa bastola. Rivolva ya aluminiamu ya gramu 420 hivi ni tamu sana kuibeba na ni chungu kuifyatua. Ya chuma ya gramu 600 inameza sehemu kubwa ya ule mruko. Shangazi alipiga mbili kwa ile nyepesi akairudisha mezani bila kusema neno. Ya chuma aliipiga silinda tatu. Pili, aina ya kichwa. Zipo risasi za shabaha zenye kichwa bapa, zinazosukumwa na baruti kidogo. Haziruki sana mkononi, zinatoboa tundu safi, na kwa mikono dhaifu ni chaguo la heshima kabisa. Risasi za kichwa chenye shimo hutegemea kasi ili zitanuke, na mtutu mfupi huinyima risasi kasi, kwa hiyo usizinunue kwa sababu ya picha kwenye boksi. Muulize pia ofisa wa leseni ni aina gani unayoruhusiwa kabla hujalipa.

Hesabu ya risasi huanzia kwenye karatasi. Chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, cheti chako cha silaha kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Fikiria mapema utafanyia mazoezi wapi na kwa risasi za nani. Cheti hudumu mwaka mmoja kisha kinahuishwa, na Bodi ya Leseni za Silaha inaweza kukuita wakati wowote: mwishoni mwa 2018 wenye leseni nchi nzima waliamriwa kujitokeza wakaguliwe upya pamoja na silaha zao. Cheti cha tabia njema, uchunguzi wa afya ya akili, sababu unayoweza kuieleza bila kubabaika, vyote vitangulie bastola. Anayekuambia kuna njia ya mkato, huko Kondele au Free Area au popote pale, anakuuzia kesi.

Kuna jambo linalowasumbua watu wa Bonde la Ufa hasa, kwa sababu hapa bado zipo familia zilizorithi rivolva za enzi ya wakoloni. Nyingi za zile za Kiingereza zimeandikwa .38, lakini zinakula .38 S&W, risasi ya mwaka 1877 iliyo fupi na nene kidogo kuliko .38 Special. Si kitu kimoja. Vivyo hivyo .22 LR na .22 Magnum: ile ndogo inaingia kwenye chumba cha Magnum ikicheza, na ganda linaweza kupasuka. Bastola ya .357 Magnum hupiga .38 Special bila shida, ila .38 haipigi .357 kamwe. Soma kilichochongwa kwenye mtutu, soma kilichochongwa kwenye kitako cha ganda, na ukiondoa hiyo .357, vilingane neno kwa neno.

Ukinunua iliyotumika, omba ruhusa uifungue, uhakikishe haina kitu, kisha uvute nyundo polepole sana huku ukiiangalia silinda. Inapaswa kujifunga kwa mlio mdogo kabla nyundo haijafika mwisho, katika kila chumba. Isiyojifunga, iache. Angalia pia ule mwanya mwembamba kati ya silinda na mtutu: humo hutoka gesi ya moto inayoweza kukata ngozi, kwa hiyo kidole gumba cha mkono wa pili kisikae mbele hapo. Na kwa anayeishi Kisumu au Kakamega, ambako unyevu haukati, mfuko wa ngozi si ghala. Ngozi hushika maji na kula chuma. Ihifadhi bastola ikiwa imepakwa mafuta kidogo, katika sefu iliyofungwa ukutani, mbali na mikono ya watoto na wageni.

Tembea nyumbani kwako mchana, ukiwa mikono mitupu, ujiulize risasi ikipita itaishia wapi. Mabati hayaizuii, mbao haziizuii, wala ukuta mwembamba wa udongo si wa kuuamini. Kwenye ploti za vyumba vilivyopangana, nyuma ya kila ukuta kuna kitanda cha mtu. Shangazi aligundua kwamba kutoka mlango wa sebule mstari ulielekea moja kwa moja chumba cha msaidizi wake wa nyumbani, akabadilisha mahali pa kusimama. Wiki hiyohiyo aliweka taa ya nje na komeo la pili, na akaacha kubeba pesa zote jioni. Sehemu kubwa sasa inaingia benki saa tisa.

Kuhusu lini kufyatua, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaipima nguvu ya kujilinda kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza: hatari iwe ya kweli au uiamini kwa haki kwamba ipo, na nguvu ilingane na hatari. Mwizi aliyegeuka anakimbia na kuku wako si hatari kwa maisha yako. Bastola haitolewi kumtisha mhudumu wa maegesho wala jirani mwenye muziki.

Baada ya miezi mingi ya kusubiri leseni, shangazi alichukua .38 ya chuma, risasi tano, kichwa bapa. Faida nyingine ya risasi zenye fataki katikati ni kwamba unaweza kufanya mazoezi nyumbani kwa risasi bandia, wakati .22 nyingi huharibika ukingo wa chumba zikifyatuliwa tupu. Kila Jumapili baada ya kanisa anaziweka risasi halisi chumba kingine, anakagua silinda mara mbili, anaelekeza mtutu kwenye ukuta wa mawe wa nyuma, nami namwekea sarafu ya shilingi kumi juu ya mtutu. Anavuta traiga. Wiki za kwanza sarafu ilikuwa ikilia sakafuni kila mara. Jumapili iliyopita ilikaa mara nne kati ya tano, na akaniambia niiweke tena.