Somo: Skrini ya tmux ikivurugika, anzia wapi?

Umerudi kwenye sesheni yako ya tmux (programu inayogawa terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuziweka hai kazi zako hata ukijitoa) na mistari inayogawa dirisha imegeuka qqqq na xxxx. Au rangi zimepotea. Au nusu ya skrini imejaa nukta. Kabla hujagusa mipangilio, kumbuka tmux ni mkalimani: inasema lugha moja na terminali yako huko nje, na nyingine na programu zilizo ndani. Kazi yako ni kujua nani hajaelewana na nani.

Hatua ya 1. Chora upya: Ctrl+b, kisha r. Kwa wanaotumia screen (programu nyingine ya kazi kama ya tmux) ni Ctrl+a, kisha l. Kama ulifungua faili isiyo ya maandishi kwa cat na herufi zote zikageuka vituko, andika `reset` ubonyeze Enter, hata kama huoni unachoandika.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo nenda polepole. TERM ni jina linaloziambia programu ziko kwenye terminali ya aina gani. Andika `echo $TERM` ukiwa nje ya tmux, kisha ndani. Nje, xterm-256color ni jibu la kawaida. Ndani, jibu lazima lianze na tmux au screen. Ukiona xterm-256color ndani pia, kuna mtu amelazimisha. Tafuta `export TERM=` kwenye ~/.bashrc na uifute. Niliwahi kusumbuka jioni nzima na seva moja, nikisafisha ~/.bashrc mara tatu, kumbe mstari wenyewe ulikaa ndani ya /etc/profile. Tafadhali angalieni kote kuwili. Kisha weka hii kwenye ~/.tmux.conf:

`set -g default-terminal "tmux-256color"`

Hatua ya 3. Zile qqqq, au vistari vya chini mahali pa herufi zenye alama, mara nyingi ni suala la UTF-8, mfumo wa kusimba herufi za lugha zote. Andika `locale`. Kama LANG (mpangilio wa lugha na herufi) haina UTF-8, irekebishe. Kwa haraka, ingia kwa `tmux -u attach`.

Hatua ya 4. Nukta si hitilafu. Sesheni hiyo imefunguliwa pia kwenye skrini ndogo zaidi, na dirisha limefuata kipimo chake. `tmux attach -d` inawatoa wengine wote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimebadilisha ~/.tmux.conf lakini sioni tofauti.*
Faili hiyo husomwa seva ya tmux inapoanza tu. Andika `tmux source-file ~/.tmux.conf`, halafu fungua dirisha jipya, kwani yaliyokwisha funguliwa yanabaki na TERM ya zamani. Usikimbilie `kill-server`, ndugu yangu, itaua kazi zako zote.

*Nikiingia seva ya zamani kwa ssh (kuingia kompyuta nyingine kwa mbali) nikiwa ndani ya tmux, less, programu ya kusomea faili, inalalamika kuhusu terminali.*
Seva hiyo haina maelezo ya tmux-256color, yaani faili inayoeleza terminali ya aina hiyo inafanyaje kazi. Ingia kwa `TERM=screen-256color ssh seva`. Dawa ya kudumu ni kuipelekea maelezo hayo: `infocmp -x tmux-256color | ssh seva tic -x -`.

*Rangi 256 zipo, ila vim yangu (kihariri cha maandishi) bado imefifia kuliko nje ya tmux.*
Vim yako inataka rangi kamili (RGB, mamilioni ya rangi badala ya 256). Kwa tmux 3.2 kwenda juu ongeza `set -as terminal-features ",xterm-256color:RGB"`, ukiweka TERM yako ya nje badala ya xterm-256color kama ni tofauti. Soma upya faili, jitoe kwa Ctrl+b d, kisha urudi. Usipojitoa haitashika.