Mtamba "anayekaribia kuzaa" ndiye anayekuulia ndama

Pesa za korosho zikishaingia, simu ninazopokea huwa za aina mbili. Ya kwanza ni ya furaha: "Bwana mifugo, nimeshusha mtamba chotara kutoka Iringa, mimba kubwa, wiki mbili hizi anazaa." Ya pili huja mwezi mmoja baadaye, tena usiku: "Bwana mifugo, ndama anaharisha maji ya njano, nimemchoma oksitetra, ile dawa ya bakteria, mara tatu, hasimami." Masasi, Nachingwea, Newala, kote ni hivyohivyo. Na kila mara naulizwa swali moja: mbona ndama wa ng'ombe wangu wa zamani, banda hilohilo, hakuugua?

Hakuugua kwa sababu virusi vya rota, vinavyoharisha ndama, si vya aina moja. Koti la nje la kirusi hiki lina protini mbili, na wataalamu huzitumia kupanga aina zake kwa herufi G na P. Kwa ng'ombe, zinazoonekana sana ni G6, G8 na G10. Ndani ya koti mna vipande 11 vya vinasaba, idadi ya wachezaji wa timu ya mpira. Aina mbili zikiingia seli moja ya utumbo, hubadilishana wachezaji, na kinachotoka ni timu ambayo kinga ya mama haijawahi kucheza nayo.

Ndama huzaliwa bila kinga. Kondo la ng'ombe halipitishi kinga, yote inatoka kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Dang'a nayo hubeba kinga dhidi ya vimelea ambavyo mama amewahi kukutana navyo. Mtamba wa Iringa atatoa dang'a ya Iringa, na ndama wake atakutana na virusi vya banda lako la Nachingwea. Kinga ya aina moja husaidia kidogo dhidi ya nyingine, lakini kwa ndama wa wiki moja hicho kidogo mara nyingi hakitoshi. Isitoshe, mgeni anaweza kumwaga virusi vya kwao kwenye kinyesi huku mwenyewe akionekana mzima, basi na ndama wa wenyeji wakaingia matatani.

Kwa hiyo mtamba afike bandani kwako siku 60 kabla ya kuzaa. Nisikilizeni kwenye hesabu hii, maana hapa ndipo mnaponiudhi. Siku 14 za kwanza anakaa peke yake, tumwangalie magonjwa mengine. Kisha anachanganywa na ng'ombe wako wakubwa, na mwili wake unahitaji wiki mbili hivi kutengeneza kinga mpya. Zimebaki siku 32. Kiwele huanza kuvuta kinga kutoka kwenye damu takriban wiki tano kabla ya kuzaa, kwa hiyo umewahi sehemu kubwa ya muda huo. Ukimleta siku 42 kabla bado kuna nafuu. Chini ya siku 30 usimpakie kwenye lori kabisa, hata muuzaji akupunguzie bei. Mara nyingi bei imepunguzwa kwa sababu hiyohiyo.

Na "anakaribia" si kipimo! Dai tarehe ya kupandishwa iliyoandikwa, uongeze siku 283. Hakuna tarehe? Mlete daktari wa mifugo ampime mimba kabla hujatoa hela. Unapima korosho kwenye mizani mpaka gramu, halafu mtamba wa mamilioni unamnunua kwa kumtazama tumbo.

Najua wengine mmeshanunua. Hapo tegemeo lako ni dang'a ya ng'ombe wako mwenyeji. Ndama wake akishashiba, ziada iweke kwenye chupa safi za lita moja, ziingie friza, hata ya jirani anayeuza barafu. Ng'ombe aliyewahi kutupa mimba usimkamue kwa kazi hii. Kuyeyusha ni kwa maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia. Ukibandika jikoni, umepika kinga.

Ndama wa mgeni mwenye kilo 30 anahitaji lita 3: lita 2 ndani ya saa mbili za kwanza, lita 1 kabla saa sita hazijapita. Baada ya saa 24 utumbo umeshafunga mlango, kinga haiingii tena kwenye damu. Lakini bado inafanya kazi ndani ya utumbo wenyewe, ndiyo maana kuanzia siku ya pili hadi ya 14 unamchanganyia nusu lita ya dang'a kwenye maziwa kila siku. Jumla yote ni lita 9 na nusu kwa ndama mmoja. Anza kuweka akiba leo, usingoje mtamba aanze kuhangaika.

Akishaharisha, oksitetra haiui kirusi. Kinachomuua ndama ni kukauka maji. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta. Mpe lita moja asubuhi, moja mchana na moja jioni, saa mbili mbali na maziwa, usivichanganye. Na maziwa msimkatie! Macho yakizama au akishindwa kunyonya, mpigie daktari saa hiyohiyo.

Akifika siku ya 21 mkia mkavu, amevuka.

Mzee mmoja aliniuliza kama anaweza kuombea ndama yale matone ya chanjo ya rota wanayopewa watoto kliniki. Hapana, yale ni ya binadamu. Ila alikuwa karibu na jambo la kweli: aina kama G8 zimekutwa kwa ng'ombe na kwa watoto pia. Ndoo ya ndama anayeharisha isirudi jikoni, na anayemhudumia anawe kwa sabuni kabla hajambeba mtoto.