Kuomba mchango wa gemu Kickstarter ukiwa Dar au Nairobi: nani aweke sahihi?

Ukiwahi kukaa kwenye kamati ya harusi, nusu ya Kickstarter, tovuti ya Marekani ya kuchangisha fedha za miradi, unaijua. Watu wanatoa ahadi, kuna siku ya mwisho, na anayelipa anapata kadi. Tofauti ni mbili. Lengo lisipofika, hakuna anayekatwa hata senti. Na likifika, ile "kadi" uliyoahidi inageuka kuwa mkataba.

Kabla hujagusa fomu yoyote, tafuta mtu mwenye sifa. Kickstarter hupokea miradi ya nchi zilizo kwenye orodha yake tu, na Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Mwombaji awe ametimiza miaka 18, awe mkazi wa kudumu wa nchi iliyomo, tena awe na anwani, akaunti ya benki na kitambulisho cha serikali cha huko huko. Wengi hukwama hapa. Wanasikia kwamba mgeni anaweza kufungua LLC, yaani kampuni ambayo mwenyewe habebi madeni yake, kule Marekani kwenye majimbo ya Delaware au Wyoming, bila kutoka kwao, jambo ambalo ni kweli, wanalipa, kisha wanagonga mwamba kwenye uthibitisho wa kitambulisho. Kampuni haina pasipoti. Mradi unaweza kuwa wa kampuni, lakini lazima mkazi wa huko anayehusika nayo asimame kwa niaba yake.

Tuseme una kaka Minneapolis, Marekani. Usimwambie "nifungulie tu akaunti, bro." Akiweka jina lake, yeye ndiye aliyeingia mkataba na wachangiaji, na mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, fedha hiyo itahesabiwa kuwa mapato yake mpaka aonyeshe vinginevyo. Andikianeni: fedha inakaa akaunti ipi, inatumwa lini, kodi analipa nani, na gemu likikwama nani anawajibu watu. Undugu ndio unaofanya tuone haya kuandika mambo haya, na ndio unaovunjika yasipoandikwa.

Mkifungua kampuni, ombeni namba ya kodi, EIN, kwa fomu SS-4. IRS haitozi chochote; tovuti inayodai malipo ni ya dalali. Kaka akiwa ndiye msimamizi na ana namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ataipata mtandaoni siku hiyo hiyo. Msimamizi akiwa wewe usiye na namba hiyo, fomu huenda kwa faksi au posta, au unapiga simu, na kwenye mstari wa 7b unaandika neno Foreign. Angalia sana hili: LLC inayomilikiwa na mgeni peke yake hutakiwa kuripoti miamala kati yake na mwenyewe kwa fomu 5472, na faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000. Kuna magemu hayajawahi kuingiza pesa hiyo.

Halafu hakimiliki. Aliyechora wahusika na aliyetengeneza biti ni wamiliki wa kazi zao hadi wakuhamishie, na kwa sheria ya Marekani uhamisho huo hausimami bila maandishi yaliyosainiwa. "Poa, tumia tu" ya WhatsApp, ukiitetea sana, ni ruhusa ya kutumia. Si umiliki.

Sasa jaza fomu. Lengo lipange kwa hesabu. Ukipata dola 8,000 kutoka kwa watu 200 waliotoa dola 40 kila mmoja, Kickstarter inachukua asilimia 5, yaani 400. Ada ya kupitisha malipo ya kadi za benki ni asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango: 240 na 40. Zinabaki 7,320, kabla ya kodi. Muda wa kampeni usizidi siku 60. Ulizwapo kama umetumia akili bandia, sema kweli.

Usiahidi hisa wala asilimia ya mauzo. Kickstarter inakataza, na kuuza hisa ni njia nyingine kabisa, ya fomu C kwa SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani. Sehemu ya hatari iandike kwa unyoofu: kwamba mwandika msimbo ni mmoja, kwamba umeme hukatika. Mwaka 2015 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, ilimshtaki mtu wa jimbo la Oregon aliyechangiwa zaidi ya dola 122,000 za mchezo wa ubaoni, akazitumia kwenye pango la nyumba na mambo yake. Ukishindwa kumaliza, masharti yanakutaka ueleze fedha zilivyotumika na urudishe zilizobaki, kwa hiyo risiti zianze kutunzwa siku ya kwanza.

Na usimalizie kampeni Novemba kama utalipa mafundi Machi. Mwaka wa kodi wa biashara nyingi huko unafungwa Desemba, na mapato yatahesabiwa mwaka huu, gharama mwaka ujao, kwa hiyo utatozwa kodi kabla gharama hazijatolewa.